Zamu ya Mzee Elinihaki

Hii ni wiki ya tatu tangu nirudi, na hapa sokoni kwenye mitumba kila anayepita ananiuliza: "Mama Kamera, vita uliipata?" Nimechoka kusimulia huku mkono mmoja umeshika suruali ambayo mteja anataka kuondoka nayo. Nimeandika. Soma, kisha mpe mwenzako. Asiyependa anirudishie karatasi, upande wa nyuma bado ni mweupe.

Mnajua kamera ilivyonifikia. Nilipopunguzwa kiwandani, kiinua mgongo changu kilitosha kununua kitu kimoja tu, na jamaa mmoja aliyerudi kutoka Arabuni alikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza. Tulibishana siku nne. Alipochoka akaniachia kamera, akaongeza betri mbili, begi, miguu ya kusimamishia, na waya mrefu wenye vibanio viwili ambao yeye mwenyewe hakujua ni wa nini. Tangu hapo napiga video za harusi, na hasa kicheni pati, ambako mpiga picha mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia dirishani.

Kwenye kicheni pati ndiko alikoniona Mwalimu Namkunda, anayefundisha shule ya msingi Same. Akaja mpaka kwenye meza yangu, akachagua sketi mbili, akazirudisha, akasema:

"Dada, baba yangu alipigana Burma enzi za Mwingereza. Maisha yake yote hajasema neno moja kuhusu vita. Sasa ana uvimbe kooni. Alhamisi analazwa hapa Moshi, Ijumaa anapasuliwa, na daktari kasema uvimbe ukitoka unaweza kuondoka na sauti."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka sauti yake, na vita yake. Kabla ya Alhamisi."

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Nilihesabu siku kwa vidole vya mkono wa kulia, nikarudia kwa vya kushoto. Hazikuongezeka.

Moshi hadi Same, na abiria wa miguu mitatu

Kondakta aliitazama miguu ya kamera niliyoifunga kwenye khanga.

"Mama, hiyo bunduki ya nani?"

"Ni miguu ya kamera."

"Mingapi?"

"Mitatu."

"Basi sikiliza. Abiria wa miguu miwili analipa nauli moja. Huyu wako ana mitatu."

"Lakini hana makalio," nikamwambia. "Wewe unauza viti, huuzi barabara."

Watu wakacheka, na kondakta akichekwa na basi zima bei hushuka yenyewe. Tukaafikiana asafiri kama mtoto wa kunyonya, yaani nimpakate. Nikampakata hadi Same. Wanangu wote wanne hawakuwahi kunichoma mapaja namna ile.

Pale mji wa Mwanga, dereva alisimama "dakika mbili" kusubiri samaki wake kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu. Samaki walikuwa wanakuja kwa baiskeli, na baiskeli ilikuwa na pancha, na mwenye baiskeli alikuwa amekwenda kutafuta wa kuziba. Mwalimu Namkunda alitazama saa yake, akaitikisa, akatazama yangu. Baada ya saa moja na nusu kapu la perege likaingia, na nafasi pekee iliyobaki ilikuwa juu ya begi langu. Tangu siku hiyo kamera inanuka perege, na hakuna paka wa Upare asiyenijua kwa sura.

Same: Haraka ya Nini

Betri moja nilikuwa nimeichaji nyumbani. Ya pili nilipanga kuichaji Same, kwa Mwalimu. Tulipofika tukakuta mji wote uko kwenye mgao, umeme umekatwa tangu Jumapili, na pale mjini hakukuwa na kitu kinachofanya kazi isipokuwa upepo. Betri moja maana yake ni saa moja ya picha. Mwalimu akaniuliza kama saa moja inatosha vita. Nikamwambia nimewahi kupiga harusi nzima kwa dakika arobaini, na ile nayo ilikuwa na ugomvi.

Tukala makande. Nayataja hapa kwa sababu kuanzia hapo nilikula makande mara saba kabla ya kurudi Moshi, na kila mwenyeji aliniambia haya ya kwake ndiyo makande yenyewe, yale mengine uliyokula ni mahindi tu.

Jumanne tukaenda kutafuta Landrova. Ilikuwa moja, ya Bwana Mshana, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, na nyuma imeandikwa kwa rangi nyekundu HARAKA YA NINI. Starta yake ilikuwa imekufa kabla ya soko huria kuingia nchini. Kule milimani Bwana Mshana huegesha mteremkoni, akiachia breki tu gari linawaka. Tatizo lake ni Same, maana Same ni tambarare, kwa hiyo abiria husukuma.

"Wanaosukuma wapunguziwe nauli," nikasema.

"Wanaosukuma wanapunguziwa baridi," akanijibu Bwana Mshana.

Nikajua nimekutana na mwenzangu. Nilichopata ni kiti cha mbele, kwa hoja kwamba kamera haisukumi. Tuliondoka saa sita, tukiwa na magunia mawili ya chumvi, mabati kumi na manne, na mzee mmoja mwenye saa ya ukutani ambayo kila shimo iligonga saa tatu.

Kupita Mwembe: Landrova inakwenda kutoa ushahidi

Juu kidogo ya kijiji cha Mwembe, pale barabara inapoanza kupinda kama utumbo, Bwana Mshana alipaki mteremkoni, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu na jiwe mbele, akavua kofia.

"Gari limeharibika?" nikauliza.

"Gari zima. Mimi ni shahidi."

Wapare mnisamehe, mimi ni mtu wa Korogwe niliyepotelea Moshi. Kwamba mnapenda kesi, hayo nilikuwa nimeyasikia tu. Hapo niliyaona. Baraza lilikuwa limekaa kando ya barabara, wazee sita, na katikati mama mmoja ameshika jembe na jirani yake ameshika jembe. Jana yake maji ya mfereji yalikauka mama huyu akiwa ndiyo kwanza kaanza kumwagilia. Leo jirani, mwenye zamu ya leo, kaja kufungua. Mama kamzuia. Bwana Mshana alikuwa akipita na gari, akaona nani alifika kwanza.

Mabati yalisubiri, chumvi ikasubiri, saa ya ukutani ikagonga. Mwalimu Namkunda alimwendea Bwana Mshana mara mbili kumnong'oneza kwamba baba yake anangoja, na mara zote mbili wazee walimwambia, "Mwalimu, shahidi haondolewi."

Baada ya saa mbili mwenyekiti akasimama na kutoa hukumu ambayo, kwa maoni yangu, angeweza kuitoa kabla hatujafika:

"Ambaye maji yamemkatikia akiwa zamuni, kesho yake anaanza yeye. Ndivyo ilivyokuwa kwa babu zetu. Mwenye zamu ya leo atafuata."

Jirani akasema atakata rufaa. Tukaondoka.

Juu: mgawaji hunywa mwisho

Kitongoji kiko juu, upande wa Vudee, migomba huku na huku, na hewa ambayo ukiivuta unajuta uliyovuta mjini. Bwana Mshana alitushusha mlangoni kwa Mzee, akaahidi kurudi Alhamisi asubuhi kumchukua mgonjwa, akaachia breki.

Mzee Elinihaki, baba yake Mwalimu, alikuwa mwembamba, amevaa koti refu lililofungwa vifungo vyote.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba." Sauti yake ilikuwa kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria, na kila neno alilitoa kama analiuza kwa hasara. "Namkunda, huyu ndiye mwenye mashine?"

"Ndiye, baba."

"Ananuka samaki."

Hapo nikajifunza mambo mawili. La kwanza, Mzee ndiye mgawa maji wa pale kwa miaka thelathini. Wana bwawa lao la kuchimba kwa mkono, wenyewe wanaliita ndiva. Linajaa usiku kutoka kijitoni, asubuhi linafunguliwa na maji yanakwenda shamba kwa shamba, kwa zamu. La pili, hakubali kupigwa picha peke yake.

"Sikupigana peke yangu," alisema. Akawaita wenzake. Wa kwanza Mzee Rajabu, wa Burma kama yeye, mfupi, mcheshi, hana meno ya juu. Wa pili Koplo Heriel, aliyepigana vita vya Kagera, bado na kifua mbele na buti zinazong'aa kwa mafuta ya kupikia.

Asubuhi ya Jumatano nikawaeleza: betri moja, saa moja, ikiisha imeisha. Mzee Elinihaki akaishika ile betri, akaipima uzito kwenye kiganja.

"Imejaa usiku, chini. Inafunguliwa huku, asubuhi. Ikiisha, imeisha." Akanirudishia. "Hii ni ndiva. Itakwenda kwa zamu. Rajabu, kisha Heriel, kisha mimi. Mgawaji hunywa mwisho."

"Baba," akasema Mwalimu Namkunda, "wewe ndiye unayepasuliwa!"

"Elinihaki, chukua zamu yangu," akasema Mzee Rajabu. "Koo langu zima. Mimi hata mwakani nitaongea, tatizo ni kunyamaza."

Mzee akamgeukia kwa namna ambayo paka aliyekuwa kwenye begi langu aliondoka.

"Sitaki zamu ya mtu. Na mtu asitake yangu. Zamu haihamishwi."

Nikaona hapa kazi ni yangu. Nikaanza na nusu: "Mzee, waanze wao nusu zamu, kisha wewe, kisha wamalizie." Hapana. Robo? Hapana. Jina na salamu tu, halafu tuendelee na utaratibu? Hapana. Jamani, nimeshusha bei kwa Wachaga. Nimewahi kununua koti la baridi kutoka kwa mtu aliyekuwa bado amelivaa. Huyu mzee hakushuka hata kwa upana wa unyoya.

Dakika sitini

Nikabonyeza, taa nyekundu ikawaka, Mzee Rajabu akakohoa. Kabla hajasema neno, vigelegele vikatoka nyuma ya nyumba.

Kumbe pale kitongojini walikuwa wamewahi kuona video moja tu, ya harusi, kwa jamaa mmoja mwenye televisheni huko Mwembe. Kwa hiyo walijua kamera inafanyaje: mtu hukaa kwenye kiti, hutazama mbele, na watu humpitia na zawadi. Wakaja kwa mstari, vitenge vimepigwa pasi, wanacheza hatua mbili mbele moja nyuma. Mzee Rajabu alipokea ndoo, chupa ya chai, jogoo, kanzu, na busati. Akapokea na ndoo ya pili.

"Akina mama," nikasema, "haya ni mahojiano!"

"Ndiyo, tunakuja, tunakuja!" wakajibu, na kuongeza mwendo wa kucheza.

Dakika kumi na mbili za zamu yake zikaisha hivyo. Nane zilizobaki Mzee Rajabu alisema kwamba Burma alikuwa mpishi, kwamba nyama ya kopo ikichemshwa na majani usiyoyajua huwa chakula usichokijua, kisha akawasalimu jamaa zake wote walioko Dar es Salaam, kwa majina, na jogoo akiwa kwapani.

Akafuata Koplo Heriel. Huyu alisimama wima, akapiga saluti, akataja jina, namba na cheo, akarudia kwa sauti kubwa zaidi.

"Koplo, tuambie ulivyoingia vitani."

"Kueleza ni kazi ya raia," akasema. "Mimi nitaonyesha."

Akachukua jembe kama bunduki, akalala kifudifudi na kuanza kutambaa. Alitambaa vizuri, sina ubishi. Alitambaa mbele ya kamera, akapita banda la mbuzi, akaingia kwenye mahindi. Tukangoja. Kanda hiyo ninayo, mwenye kutaka aje aione: dakika sita za mahindi, yanatikisika kidogo upande wa kulia. Alipotokea ng'ambo akapiga saluti tena, na kwa sababu Mzee Rajabu alipewa zawadi na yeye hakupewa, kukawa na kesi fupi, ikaisha kwa Mzee Rajabu kumwachia ndoo moja.

Mwalimu Namkunda hakucheka hata mara moja. Alikuwa amekaa nyuma yangu, anatazama ile taa.

Kisha Mzee Elinihaki akaja. Alikagua vifungo vya koti, akakaa, akaweka mikono magotini. Nikabadilisha kanda. Taa ilikuwa inapepesa kabla ya saa kwisha, maana baridi ya kule juu huinyonya betri. Nikambonyezea.

"Naitwa," akasema.

Kamera ikazima.

Nikaitoa betri, nikaipuliza, nikaisugua kwenye khanga, nikairudisha. Nikafanya yote mara ya pili. Hakuna.

"Ndiva imekauka," akasema Mzee bila hasira. Akainuka, akachukua fimbo yake. Mwalimu Namkunda akaingia jikoni na kuanza kumenya ndizi. Alimenya mkungu mzima, ambao hakuna aliyemwagiza.

Sikuweza kukaa pale. Nikamfuata Mzee kwenda kutazama anavyogawa maji. Ile fimbo yake ndiyo daftari: ina alama zilizochongwa kwa kisu, kila alama zamu moja, na anasogeza kidole kila shamba likitosheka. Nikahesabu alama, kumi na tatu. Nikahesabu wenye majembe waliokuwa wakingoja, kumi na wawili. Mnanijua: nikarudia. Kumi na tatu, kumi na wawili.

Watu wa mwisho walipoondoka, Mzee akafungua mfereji mara moja zaidi. Maji yakateremka hadi kwenye migomba mikuukuu isiyo na nyumba, isiyo na mtu, isiyo na jembe.

"Hapa pa nani, Mzee?"

"Pana mwenyewe."

"Mbona hayupo?"

"Mjini mnapenda hesabu," akasema. Alisimama pale mpaka maji yakafika mgomba wa mwisho.

Alhamisi: betri ya Bwana Mshana

Haraka ya Nini ilifika mapema kuliko kawaida, ikaegeshwa mteremkoni, jiwe mbele, jiwe nyuma. Mwalimu Namkunda alikuwa ameshafunga mzigo wa baba yake: shuka, sabuni, kikombe. Macho yake yalikuwa mekundu lakini mdomo umekaza. Mimi nilikuwa sijalala kwa sababu ya kitu kimoja, yaani ule waya wenye vibanio viwili. Alfajiri nilikuwa nimeutoa begini na kusoma maandishi madogo kwenye kichwa chake. Kando ya maandishi palikuwa pamechorwa gari.

"Bwana Mshana, naomba betri ya gari lako kwa dakika ishirini."

"Betri ya gari ni ya kuwashia gari."

"Gari lako linawashwa na nini?"

Akatazama mawe. Akatazama mteremko. Akanitazama.

"Mteremko," akasema taratibu.

"Basi betri yako imekaa bure tangu starta ife. Iache ifanye kazi siku moja, isije ikasahau."

Nadhani hilo ndilo soko safi kuliko yote niliyowahi kufanya, maana sikutoa hata kitu. Akafungua boneti. Nikabana vibanio, nyekundu kwa nyekundu, na taa ya kamera ikawaka kama jicho la mtu aliyeitwa jina lake.

Mzee Elinihaki alikuwa ametoka mlangoni na fimbo.

"Jana imeisha," akasema. "Leo ni siku nyingine. Betri hii ya Mshana, sina zamu humo."

"Baba, nakuomba," akasema Mwalimu.

"Namkunda, utaratibu."

"Mzee," nikasema, "kwa heshima yote. Jana maji yalikatika nani akiwa zamuni?"

Akaegemea fimbo.

"Ulikuwa umekwisha kusema 'Naitwa.' Ulikuwa umefungua mfereji, au hukufungua?"

"Nilifungua," akakubali.

"Na ambaye maji yamemkatikia akiwa zamuni, kesho yake anaanza nani?"

Bwana Mshana akavua kofia. "Anaanza yeye," akasema. "Mimi ni shahidi."

Mzee akapapasa alama za fimbo, moja moja. Mzee Rajabu na Koplo Heriel walikuwa wamekuja kumuaga, nao wakangoja. Nilimwona akiipitia ile sheria kichwani, anatafuta tundu. Halikuwepo.

"Nani kakufundisha hayo, mtu wa Korogwe?"

"Baraza lenu, Jumanne. Nilikuwa na saa mbili za bure."

Akakaa kwenye kigoda mbele ya boneti. Safari hii sikutumia miguu mitatu. Nilishika kamera mkononi, nikapiga goti karibu yake kabisa, kwa sababu sauti ilikuwa imebaki ndogo. Hakuna aliyecheza, wala aliyeleta ndoo.

"Naitwa Elinihaki," akasema. "Tulikuwa kilimani, Burma. Maji yalikuwa chini, kijitoni. Kila alfajiri anashuka mtu mmoja na makopo mawili, kwa zamu. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu. Miguu yangu ilikuwa imeoza ndani ya buti. Mbonea, niliyetoka naye hapa, akaniambia, 'Ngoja niende mimi. Wewe utakwenda kwenye zamu yangu.' Nikakubali. Nikalala."

Akameza mate, na ilimchukua muda.

"Hakurudi. Mchana tulimfuata. Tulimkuta njiani, amepigwa risasi. Makopo yalikuwa kando yake, yamesimama, yamejaa. Aliyaweka chini kwanza. Hayakumwagika hata tone." Akanitazama mimi, si kamera. "Tukayanywa."

Koplo Heriel alikuwa amesimama wima, na safari hii hakupiga saluti.

"Niliporudi, mama yake aliniuliza mbele ya watu. Nikamwambia, mwanao alikufa kwenye zamu yake. Akashukuru. Akasema, basi alikuwa mtu wa utaratibu. Mama huyo amekufa anajua hivyo. Migomba yake naipa maji." Akaweka kidole kwenye fimbo, mwishoni kabisa, kwenye alama ya kumi na tatu. "Haikuwa zamu yake. Ilikuwa yangu. Nimemaliza."

Nilikuwa na maswali niliyoyaandika kwenye daftari, kumi na moja. Nilizima kamera.

Mzee Rajabu, yule ambaye tatizo lake ni kunyamaza, alinyamaza. Kisha akamshika mwenzake mkono, akasema, "Elinihaki, miaka yote hii nilidhani wewe mbishi tu."

"Mbishi pia," akasema Mzee.

Bwana Mshana akaondoa mawe, akaachia breki, na Haraka ya Nini ikawaka kwenye kona ya kwanza bila betri kujua lolote.

Moshi: benchi la mbao

Ijumaa asubuhi nilikwenda hospitali na chupa ya chai. Si kazi yangu kumsindikiza mtu hadi kwa daktari, lakini nilikuwa nimebeba sauti yake begini na sikuona sawa kukaa sokoni. Nikawakuta kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, Mzee na Mwalimu Namkunda, na kati yao na mlango jitu moja, mpakiaji wa mkonge kutoka shambani huko chini, mwenyeji wa Kigoma, mabega kama kabati. Alikuwa na uvimbe shingoni. Yeye alikuwa wa kwanza, Mzee wa pili.

Jitu lilikuwa linatetemeka hadi benchi zima linatetemeka, na chai yangu inamwagika.

"Mimi narudi shambani," akasema. "Huu uvimbe haunidai kitu. Tumezoeana."

"Kaa, Baba," akasema nesi kutoka mlangoni. "Ukitoka hapo jina lako linarudi mwisho wa orodha, na orodha ni miezi minne."

"Waanze wengine! Nione kwanza kama mtu hutoka!"

Nesi akainua macho darini. Mwalimu Namkunda akanitazama na mimi nikamtazama. Wote tulijua mtu aliyekaa kati yetu ana maoni gani kuhusu zamu. Nikafungua mdomo nianze kubishana na lile jitu, angalau nipate hata robo ya ujasiri wake.

Mzee Elinihaki akasimama. Akafungua kifungo cha juu cha koti, kile ambacho sijawahi kukiona kimefunguliwa, akavua koti lote, akampa binti yake pamoja na fimbo. Akamwekea yule mtu mkono begani.

"Ngoja niende mimi," akasema. "Wewe utakwenda kwenye zamu yangu."

Mwalimu Namkunda alinishika mkono, na alama za kucha zake bado ninazo.

"Mafaili hayabadilishwi!" akasema nesi.

"Mafaili yakae," nikamwambia. "Kinachobadilika ni makalio."

Mlango ukafungwa. Hayo aliyomwambia yule mtu ndiyo maneno ya mwisho Mzee aliyosema kwa sauti yake. Kule juu sasa anagawa maji kwa filimbi ya Koplo Heriel, na nasikia watu wanamtii zaidi. Lakini siku ile hatukujua hilo bado. Tulikaa. Jitu lilikaa nasi, limeshika ile fimbo bila kuulizwa na mtu. Saa ya ukutani ya hospitali ilikwenda vizuri kuliko ile ya kwenye Landrova. Baadaye Mzee alitolewa kwenye kitanda cha magurudumu, macho wazi, na jitu likafanya ishara ya msalaba na kuingia. Jioni na lenyewe likatoka.

Kwa hiyo mlioniuliza kama vita niliipata, jibu ni hili. Waliingia wawili, wakatoka wawili. Nikahesabu tena.